Wameniita mama wa chatu wa utajiri. Nijibu au ninyamaze?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 34, nina mume na watoto wawili. Tunaishi nje kidogo ya Jiji la Mwanza, upande wa barabara ya Musoma. Mtaa sitautaja, utaona sababu.

Nafuga nyoka. Najua hapo umeshtuka, ila nakuomba unisome mpaka mwisho. Babu yangu mzaa mama alikuwa Muyeye, wale wacheza ngoma ya nyoka wa Kisukuma. Nikiwa mdogo nilikuwa namwona siku za Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora akitoa chatu kapuni, watu wanakimbia huku wanacheka, halafu wanarudi kuangalia. Jioni anamrudisha kapuni taratibu kama mtu anayekunja shuka. Mtu akiumwa na nyoka shambani, hata usiku wa manane, alikuwa anabebwa kuletwa kwa babu. Hakuna aliyemwita mchawi. Au labda walimwita, mimi sikusikia.

Huu ni mwaka wa tano tuna bustani ndogo ya wanyama watambaao kwenye kiwanja chetu. Kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, tunacho na kila mnyama ameandikwa kwenye rejesta. Tuna chatu wawili wa hapa hapa, kobe sita, kenge mmoja, vinyonga, na wale nyoka wa nyumbani wadogo wanaokula panya. Mwenye sumu hatuna hata mmoja. Mwanafunzi analipa Sh1,000, mtu mzima Sh3,000. Jumamosi zilikuwa zinakuja Hiace za shule mbili tatu. Sio utajiri, Shangazi, ni ada na sabuni.

Miezi miwili iliyopita mama mmoja jirani yetu aliamka alfajiri akakuta chatu ndani ya banda la kuku. Alikuwa amekula kuku saba, tumbo limejaa, ameshindwa kutoka kwenye tundu aliloingilia. Vijana wakampiga mawe mpaka akafa, wakamchoma moto. Yule chatu hakuwa wetu. Afisa wanyamapori alikuja siku hiyo hiyo, akahesabu, akakuta wetu wawili wako vizimbani. Nyuma yetu kuna kilima cha mawe kimejaa pimbi, na penye pimbi chatu hakosekani. Hilo kila mtu wa hapa analijua.

Siku ya pili akaja kijana wa runinga moja ya mtandaoni na simu yake. Hakubisha hodi. Alipiga picha geti letu lenye mchoro wa nyoka, akaiunganisha na video ya chatu anayeungua. Kichwa cha habari kikawa: "Chatu wa utajiri wafugwa Mwanza, majirani waishi kwa hofu." Wakamhoji mtu ambaye sijawahi kumwona, akasema usiku anasikia chatu wetu akilia kama mbuzi. Wakasema nyoka wetu hutoroka mara kwa mara. Wakamtaja mtoto aliyepotea mwaka juzi. Mtoto yule alipatikana baada ya siku mbili kwa shangazi yake Geita, na mtaa mzima ulishangilia aliporudi! Asubuhi redio moja ikaisoma habari kama ilivyo. Mchana ikawa kwenye kila grupu la WhatsApp, hata la kikoba changu.

Shule nne zimeghairi kuja. Wanangu wanaitwa "watoto wa nyoka". Kanisani mwinjilisti alihubiri juu ya nyoka wa Edeni huku ananiangalia mimi. Mama mkwe anasema tuchome kila kitu tuanze upya. Chatu hana sumu, Shangazi, nimelisema hilo mpaka nimechoka. Bibi yangu, mjane wa babu, tunaishi naye. Siku hizi hatoki nje, anasema watoto wanamwangalia macho. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka mingi.

Sasa ile runinga imepiga simu. Wanataka niende laivu, nijieleze, tena niende na chatu shingoni "ili watu waone hana madhara". Mume wangu anataka nikubali na niseme wazi kwamba hakuna mnyama aliyewahi kutoka nje ya geti letu. Mdogo wangu anayesoma chuo pale Malimbe anasema tuwashtaki, watulipe mamilioni. Dada zangu wanasema nyamaza, habari huoza kama dagaa walionyeshewa mvua.

Kuna kitu kingine kidogo. Mwaka jana rafiki wa mume wangu kutoka Kampala alituletea chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Watoto wa shule walimpenda sana. Hana karatasi, kwa hiyo rejestani hayumo. Mwezi Machi komeo halikufungwa vizuri akatoka, tukampata siku ya pili kwenye mtaro. Hakumdhuru mtu yeyote. Hilo halihusiani na habari hii, nimelitaja tu upate picha kamili.

Nifanye nini, Shangazi? Nimechoka kupita njia ya nyuma kwenda sokoni.

Mjukuu wa Muyeye, Mwanza

JIBU

Marahaba, mjukuu wa Muyeye.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa woga, nisikufiche. Mimi nyoka namwogopa hata aliyechorwa kwenye kitenge. Mara ya pili kwa hasira juu ya yule kijana wa simu ambaye hakubisha hodi. Mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi, ndipo nikaona kuna sehemu mbili umezipita mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nitazirudia zote mbili, univumilie.

Kama nimekuelewa, umesingiziwa, na aliyesingiziwa anataka kusikika. Wakati huo huo una jambo lako ambalo usingependa lisikike. Ndiyo maana kila ushauri unaopewa unauona una ukweli nusu. Mumeo akisema nenda, moyo unasimama uende. Dada zako wakisema kaa, unakaa. Sioni kwamba umekosa ujasiri. Nadhani unajua, hata kabla sijakuambia, kwamba ile habari ina uongo mwingi na ukweli kidogo, na ule ukweli kidogo aliyeutangaza alibahatisha tu. Alisema nyoka wenu hutoroka. "Mara kwa mara" ni uongo. Mara moja ilitokea.

Lakini kwanza bibi.

Umempa mistari mitatu mwishoni mwa aya, baada ya mama mkwe. Mimi ningemweka mwanzo kabisa wa barua. Wewe ni mtu wa Usukuma, huhitaji mimi nikueleze ni vikongwe wangapi wameuawa katika ukanda wetu kwa kisingizio cha macho mekundu, wakati chanzo chake ni jiko la kuni na samadi. Neno "utajiri" kwenye kile kichwa cha habari limekutukana wewe, ila anayeweza kulilipia ni yeye. Kwa hiyo kabla ya kuwaza kamera, waza usiku wa leo. Analala chumba gani? Mkiwa vizimbani na wageni, nani anabaki naye? Je, mwenyekiti wa mtaa amesikia kutoka mdomoni mwenu kwamba mna hofu, au na yeye anasoma WhatsApp tu kama wengine? Mkienda kwake, nendeni na mtu mzima anayeheshimika, na muombe malalamiko yaandikwe. Polisi nako kuna kitabu cha taarifa. Sheria ya Uchawi, ambayo tumeirithi tangu enzi za mkoloni, watu wengi wanadhani inawahusu waganga peke yao. Hata kumtangaza mwenzako kuwa ni mchawi ni kosa chini ya sheria hiyo, na mwenyekiti akikumbushwa hilo kwa adabu anaweza kuwakumbusha wengine kwenye mkutano.

Kumhamishia kwa mjomba kwa mwezi mmoja ni njia nyingine. Ubaya wake ni kwamba watakuwepo wa kusema, mmeona, amekimbia. Na hata kabla ya kuamua, mkae naye mumuulize anataka nini. Tuna tabia ya kuwahamisha wazee kama makabati.

Sasa niguse mahali ambapo huenda utanuna. Barua yako nzima inachukulia kwamba watu wanaogopa kwa sababu ya habari. Hivi ni kweli? Naona waliogopa tangu zamani, habari ikawapa mtu wa kumwogopa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Wengi wao ni watu wa jembe, miguu mitupu, mbali na hospitali. Yaani ni watu kama majirani zako wakiwa kwenye majaruba ya mpunga. Ni kweli chatu hana sumu. Lakini mama aliyezika mtoto kwa ajili ya kifutu hawezi kusimama kukuuliza huyu wako ni wa kundi gani.

Na huyo chatu asiye na sumu naye ana kesi yake. Mwezi Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa jamii hii yetu ya Afrika alitoka kizimbani katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Alipenya kwenye bomba la hewa, akaangukia walipokuwa wamelala ndugu wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6. Wote wawili walikufa. Mwenye nyumba alishtakiwa na mwaka 2016 mahakama ikamwachia, ila watoto walikuwa wamekwisha zikwa. Mambo kama hayo ni nadra sana, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Nimekutajia kwa sababu ukisimama mbele ya kamera na kusema "hawana madhara yoyote", kuna mtu mmoja mwenye bando ataibandika habari hiyo chini ya video yako, na hapo utaonekana ama hujui unachofuga ama unaficha.

Tuje kwenye hiyo laivu. Wanachokitaka ni shingo yako ikiwa na chatu. Sikiliza, picha hiyo haitofautiani na ile ya kwanza, isipokuwa safari hii umejipeleka mwenyewe na nauli umejilipia. Watu wengi huangalia video kwenye daladala bila sauti. Asiyesikia sauti atakuona wewe na chatu na maandishi chini, basi. Hiyo haina maana kwamba usiende. Unaweza kusema utakwenda bila mnyama, uombe kujua maswali mapema, uwe na ndugu wa kurekodi mazungumzo yote upande wako, na umwombe yule afisa aliyehesabu chatu awepo, kama wakubwa wake watamruhusu. Wakikubali, una nafasi nzuri ya kusikika kuliko watu wengi. Wakikataa, umeshajua walikuwa wanakuitia nini.

Tatizo ni kwamba laivu haina kifutio. Swali la "hajawahi kutoka hata mmoja?" litaulizwa mapema sana. Mumeo amekuandalia jibu. Mimi nakuuliza tu, usiku ule wa mtaro mlikuwa na tochi? Mliita? Hakuna bodaboda aliyepunguza mwendo kuwaangalia? Mtaani kwetu hata mtu akikohoa usiku, asubuhi anaulizwa kama ameamka salama. Simlaumu mumeo, na naomba usimpelekee barua hii kama fimbo. Mwanaume akiona mkewe anatukanwa mji mzima anataka neno moja la kulimaliza, na "hakuna aliyewahi kutoka" ni neno la namna hiyo. Ila likivunjika, litavunjika mdomoni mwako, maana wewe ndiye utakayekuwa umelisema.

Mdogo wako wa Malimbe ana hoja, nampongeza. Lakini mamilioni anayoyaona yako mbali na njia yake ina mashimo. Kesi ya kuchafuliwa jina inataka wakili, muda na nguvu, na upande wa pili nao utakuhoji. Utasimama kizimbani (sijui kwa nini Kiswahili kimeliita kwa jina moja na nyumba za wanyama wako) na utajibu chini ya kiapo lile lile swali la mtaro.

Kabla ya huko kuna hatua za chini ambazo watu huziruka. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mhariri wa ile runinga na nyingine kwa ile redio, muombe marekebisho. Msilalamikie kila kitu. Chagueni yale mnayoweza kuyathibitisha kwa karatasi au kwa shahidi: kibali mnacho, afisa alihesabu siku hiyo hiyo na chatu wote wawili walikuwepo, mtoto wa Geita yuko hai na anasoma. Hilo la mtoto ni zito sana, kwa sababu limewaweka karibu na damu, na ndilo rahisi kuliko yote kulithibitisha. Ila msimwanike na yeye. Waombeni wazazi wake ruhusa kwanza. Video yenyewe muihifadhi leo, pamoja na picha za skrini zenye tarehe, kabla haijafutwa. Mhariri akinyamaza, maudhui ya redio na runinga za mtandaoni yana Kamati ya Maudhui chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Lipo pia Baraza la Habari Tanzania, chombo cha wanahabari wenyewe kilichoundwa mwaka 1995, ambacho hupokea malalamiko na kukutanisha pande mbili bila kwenda mahakamani. Huko nako kuna foleni, na wakati mnasubiri shule hazirudi. Tena marekebisho yakitoka, yatasomwa na watu wachache kuliko walioisoma habari ya kwanza. Usiingie ukidhani yatafuta kila kitu.

Na yule kijana wa simu? Hapa nina neno, kwa sababu nimewahi kukaa chumba cha habari kabla nywele hazijawa nyeupe. Wengi wao wanalipwa kwa idadi ya wanaotazama, wakati mwingine hawalipwi kabisa. Hilo halimwondolei kosa la kutobisha hodi. Lakini ukimwona ni adui aliyetumwa, utamwandikia kama adui na yeye atajibu kama adui. Pengine ni mtoto wa watu aliyetafuta kichwa cha habari akakipata kwenye geti lako lenye mchoro wa nyoka.

Dada zako wamenichekesha. Ni kweli dagaa walionyeshewa huoza. Lakini umewahi kupita soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba siku kama hiyo? Harufu inabaki kwenye nguo mpaka jioni. Kunyamaza kuna hekima yake kama ni kunyamaza mtandaoni tu, kwa sababu kila ukijibu unaisukuma habari mbele ya watu ambao walikuwa hawajaiona. Walimu wakuu wanne walioghairi hawako mtandaoni, wako ofisini kwao. Unaweza kwenda mmoja mmoja, bila kamera, na nakala ya kibali kwenye bahasha. Labda wawili watakusikiliza, labda hata mmoja.

Sasa lile la mwisho, "kitu kingine kidogo". Mwanangu, aya ile ndiyo nzito kuliko zote, na naona mkono wako ulijua ndiyo maana ukaiweka mwishoni.

Chatu wote, hata huyu mpole wa kujikunja, wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ule wa CITES. Kumvusha mpaka kunahitaji vibali. Nyumbani kwetu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inahesabu hata mnyama aliye hai kuwa nyara, na kesi za nyara mara nyingi hupelekwa kama uhujumu uchumi, ambako dhamana si jambo la kuomba leo ukapata leo. Mimi si wakili. Kifungu gani kinakugusa wewe na nyoka wa nje, mwenye kukuambia ni mwanasheria, na ningependa umwone kabla hujaandika barua yoyote kwa mtu yeyote, hata hiyo ya mhariri. Kama fedha ni shida, tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria; ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yenu watakuelekeza.

Kuna wanaokwenda wenyewe TAWA, wakiwa na wakili, kueleza na kumkabidhi mnyama. Anayejitokeza mara nyingi hutazamwa tofauti na anayefumwa, ila siwezi kukuahidi hivyo. Unaweza kupoteza kibali, na unaweza kupata zaidi ya kupoteza kibali. Kukaa naye kimya nako kuna hesabu yake: mmeshaingia kwenye macho ya watu, na afisa aliyehesabu chatu wawili anaweza kurudi kuhesabu tena. Siku hiyo kijana wa simu atakuwa na habari ya kweli. Jambo moja tu nitalisema bila kuzunguka. Msimwachie porini, wala kumpa mtu mwingine kimya kimya. Kule Florida, Marekani, chatu wa Asia waliotokana na biashara ya wanyama wa kufugwa wamejaa kwenye vinamasi na wanawamaliza wanyama wa huko. Hatujui huyu wenu angefanya nini kwenye mawe yetu, na haifai tujue kwa njia hiyo.

Umeandika kwamba watoto wa shule walimpenda sana. Nimelisoma hilo, na naelewa kwamba kumtoa kutawauma wanao pia. Je, wao wanajua kwamba hana karatasi? Kama wanajua, mmewabebesha siri darasani ambako tayari wanaitwa majina.

Nimalizie na babu yako, kwa sababu ndiye aliyenikaa kichwani. Umeandika kwamba hakuna aliyemwita mchawi, kisha ukajisahihisha. Vizuri umejisahihisha. Sidhani Bayeye, yaani babu yako na wenzake, walipendwa kwa sababu waliwaelimisha watu kuwapenda nyoka. Watu walikimbia siku ya ngoma kama wanavyokimbia leo. Ila aliyeumwa usiku wa manane alijua apelekwe wapi. Mtaa ulipata kitu kutoka kwa babu, na woga wake ukapata mahali pa kukaa. Wewe mtaa wako unapata nini? Sisemi uanze kutibu watu, wenye kuumwa wapelekwe hospitali haraka, babu mwenyewe leo angesema hivyo. Nauliza tu. Je, watoto wa mtaani wameshaingia bure hata Jumapili moja? Mama wa kuku ameshaona ndani, akaona makomeo, akahesabu mwenyewe? Nyoka akiingia jikoni kwa mtu, TAWA wangeruhusu mume wako aitwe kusaidia kumtoa bila mawe na moto? Huenda jibu ni hapana kwa yote matatu. Kufungua geti kuna hatari pia, anaweza kuingia mwenye nia mbaya akaweka kitu ndani halafu akakigundua mbele ya watu.

Watu wa Mwanza, kwa taarifa yako, hawakuzaliwa na chuki ya wanyama. Utotoni tulipandishwa mtumbwi kwenda Saanane, kisiwa kilichobeba jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Tulilia kwa kumwogopa mamba, na wiki iliyofuata tukaomba kurudi. Kisiwa sasa ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na mamba wanatazamwa bado.

Nisalimie bibi. Mwambie kuna mwenzake huku ambaye macho yake pia hayana weupe tena.

Na ukiniandikia tena kuna jambo moja nataka kulijua kwanza, kabla ya runinga na kabla ya wakili. Kuku saba walikufa. Chatu hakuwa wako, deni si lako. Lakini barua yako haisemi kama katika miezi hii miwili umevuka uzio kwenda kumpa yule mama pole.